Karatasi za Juu ya Meko

Katika nyumba nyingi nilizozifahamu Singida, karatasi za baba hukaa chumbani ndani ya brifkesi, na karatasi za mama hukaa jikoni. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Ndani ya brifkesi kuna mambo yenye mhuri mkubwa: barua ya ajira, hati ya kiwanja, kadi ya chama. Jikoni, kwenye mfuko wa salfeti ulioning'inizwa juu ya meko karibu na mahindi ya mbegu, kuna mengine yote: kadi za kliniki za watoto, risiti za saruji, kijitabu cha kikundi, stakabadhi za michango ya shule, na vile vipande vya karatasi ambavyo mnunuzi wa alizeti huandika kilo na bei kwa kalamu, haraka haraka, huku gari likiwa linanguruma.

Mahali penyewe pana mantiki yake. Mchwa wa kwetu hawana adabu. Acha sanduku sakafuni msimu mmoja, utakapofungua utakuta udongo. Moshi unawafukuza, kama unavyoilinda mbegu isitobolewe na fukusi. Karatasi zinageuka rangi ya chai na kunuka kuni, lakini zinabaki.

Tulipomjengea mama jiko jipya la matofali, wifi yangu, mtu msafi na mwenye nia njema kabisa, aliutazama mfuko ule akasema, "Mama, hizi si tuchome tu? Nyingine hata hazisomeki." Mama akajibu huku akiendelea kupepeta mtama, "Choma zako, mwanangu."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, maana nadhani lina falsafa nzima ndani yake.

Wifi alikuwa na hoja. Uchafu ni uchafu, na jiko jipya halistahili kuanza maisha na mzigo wa miaka 30. Vijana wa umri wetu tumefundishwa kupanga nyumba kwa kujiuliza maswali mawili: je, kitu hiki nakitumia? Je, kinanipa furaha? Marie Kondo, yule Mjapani aliyeipa dunia swali hilo la pili, anakwenda mbali zaidi kwenye karatasi: kwake kanuni ya kuanzia ni kuzitupa karibu zote. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye taarifa zake ziko pia benki, hospitalini na serikalini, na ambaye akipiga simu ataaminiwa. Kwa mtu huyo karatasi ni nakala tu, na nakala ukiitupa hupotezi kitu.

Kipande cha mnunuzi wa alizeti si nakala. Hakuna kingine kama hicho popote. Mama hakitumii na hakimpi furaha yoyote. Thamani yake inategemea kama kuna siku mtu mwingine atamwambia, "Hapana, hukuleta gunia nane, ulileta sita." Ndiyo maana maswali yale mawili hayafiki hapa: yote yanamhusu mwenye karatasi, wakati karatasi yenyewe inamsubiri mtu asiyemwamini.

Niliwahi kuliona hilo likitokea. Kikundi kimoja cha kukopeshana cha akina mama wa kijijini kwetu kilipoteza daftari kuu; lililowa mvua ya masika, kurasa zikashikana kama chapati. Wanachama waliokuwa na vijitabu vyao vya hisa, vyenye mhuri kwa kila hisa waliyonunua, walilipwa wiki hiyohiyo. Waliokuwa wamepoteza vijitabu waliambiwa "tutaangalia". Wote walikuwa wameweka fedha. Wote walikuwa wanajulikana kwa majina, kwa watoto wao, kwa mashamba yao. Kujulikana hakukutosha.

Usidhani haya ni mambo ya vijijini tu. Uingereza, mwaka 2018, ilibainika kwamba maelfu ya watu waliotoka visiwa vya Karibi wakiwa watoto, na walioishi huko kihalali kwa miongo kadhaa, walikuwa wanaambiwa wathibitishe kwamba walikuwepo nchini. Wengine walipoteza kazi, wengine walinyimwa matibabu, wengine walifukuzwa nchini. Kadi zilizoonyesha tarehe walizoingia zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Yaani ofisi ilisafisha kabati lake, kisha ikawauliza wananchi kwa nini hawana karatasi. Aliyekuwa na bibi mwenye tabia ya kuhifadhi bahasha za zamani alikuwa na bahati kuliko mwenye nyumba safi.

Basi kwa nini nasema swali ni la kimaadili, si la usafi tu? Kwa sababu anayepanga karatasi za nyumba anaamua neno la nani litakuwa na shahidi baadaye. Na jikoni, shahidi huyo mara nyingi ni wa mwanamke.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Uamuzi huo husifiwa mpaka leo, na unastahili, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo aliouomba. Lakini kukubali kwamba mchango upo si sawa na kujua ni kiasi gani, na kiasi ni suala la ushahidi. Kupika miaka 30 hakuna risiti. Saruji ina risiti.

Nilipomsaidia mama kuutoa mfuko, nilizikuta risiti za saruji na mabati ya nyumba yetu. Zote zimeandikwa jina la baba, kwa kuwa ndiye aliyekwenda dukani. Lakini mama alikuwa ameibana kila moja kwa pini pamoja na kipande cha mauzo ya alizeti ya mwezi huohuo. Mabati 20, na nyuma yake gunia 11. Hakuna aliyewahi kumdai nyumba, nasema hivyo ili msomaji asisubiri kesi. Baba aliishi naye kwa heshima mpaka alipofariki. Hata hivyo pini zilikuwepo, zimeshika kutu, na kutu imechora duara dogo kwenye kila karatasi. Wifi angezichoma risiti akidhani ni za baba, na baba hayupo.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wetu sisi tuliosoma. Nilikuwa nimekwenda na mafaili manne ya plastiki, nikiwa na wazo la kupanga kwa aina: afya, shule, kilimo, nyumba. Kabla sijaanza nikamtazama mama akitafuta kadi ya kliniki ya mdogo wangu. Hakusoma chochote. Alipapasa mpaka akakuta karatasi ya njano iliyokunjwa mara tatu, akaitoa. Anazijua kwa rangi, kwa mkunjo, kwa jirani yake: hii ililala na ile mwaka wa njaa. Mafaili yangu yangekuwa nadhifu, na yangemfanya mgeni jikoni mwake. Kila akitaka kitu angelazimika kunipigia simu. Nikayarudisha kwenye begi. Tulitumia makopo ya unga wa uji, kwa mpangilio anaoujua yeye.

Ndugu yangu wa Dar es Salaam alipendekeza tupige picha zote ziwe kwenye simu. Tulipiga, na sipingi. Risiti za mashine za EFD hasa zinahitaji picha, kwa sababu karatasi yake haitumii wino. Joto ndilo linaloandika. Iweke juu ya meko, inageuka nyeusi yote. Kile kipande cha mnunuzi wa alizeti kitaishi kuliko risiti halali ya serikali, jambo ambalo bado linanichekesha. Ila simu iliyopiga picha ni yangu, na neno la siri ni langu. Kwa hiyo karatasi zenyewe hatukuzichoma.

Zipo tulizochoma, na mama ndiye aliyezichagua. Karatasi za hospitali za siku za mwisho za baba. "Hizi zilikuwa zake," alisema, "na ameshaondoka nazo." Nilitamani kuzisoma. Sikuziomba.

Chini kabisa ya mfuko kulikuwa na daftari la rambirambi la msiba wa baba, kurasa 40 za majina na michango: fedha, debe la mahindi, kuku wawili, mzigo wa kuni. Mpaka hapo nilikuwa nimejiaminisha kwamba mfuko wote ni silaha ya mtu anayeogopa kudhulumiwa. Daftari hili lilinitatanisha, maana linashuhudia dhidi ya mwenyewe. Hakuna mtu angekuja kumdai. Kila anapopeleka mchango kwenye msiba wa aliyeandikwa humo, mama huweka alama ya vema mbele ya jina. Waliokufa kabla hajawarudishia, amewapelekea watoto wao.

Aliniomba nimsomee majina yasiyo na alama. Yalikuwa machache. Mwishoni nikakuta mstari usio na jina, mwandiko wa kijana aliyekuwa anaandika siku ile: mama wa kisimani, kuni, mzigo mmoja.

"Huyo bado namtafuta," mama akasema, akaniambia daftari lisiingie kwenye kopo, libaki juu.