Shimo Lililoachwa Wazi

Jumanne

Soma Kutoka 21:33, 34. Je, mwenye shimo alidaiwa nini, na kwa nini?

Sheria haiulizi kama mtu huyo alimchukia jirani yake. Huenda alikuwa na haki kamili ya kuchimba. Kosa lake ni kwamba alimaliza shughuli zake akaondoka bila kufunika, na punda wa mtu mwingine akapita hapo. Tena, kulipa hakukumaliza jambo: mnyama aliyekufa naye akawa wake.

Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, shimo halikuonekana kwa macho. Kiwanda kilichokuwa jirani na makazi kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Sumu ikaingia hewani, majini na katika udongo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, naye huipata kwa urahisi, maana hucheza chini na kutia vidole mdomoni. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu hiyo mwilini, akaanza kudai kifungwe. Kilifungwa mwaka 2014. Lakini risasi haiozi. Kufunga lango hakuiondoi ardhini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na pia udongo usafishwe.

Soma Walawi 14:40–42. Kuhani hakuruhusu nyumba yenye pigo ipakwe lipu mpya juu ya ile ya zamani. Mawe yaliondolewa, kuta zikakwanguliwa, na vumbi lake likapelekwa mahali maalumu nje ya mji, wala si uani kwa jirani.

Kila nyumba ina mashimo yake madogo. Dawa ya wadudu ikihamishiwa katika chupa ya soda, mtoto atainywa. Kopo lake tupu halifai kuchotea maji, hata likisuguliwa kwa mchanga. Mafuta machafu ya gari yakimwagwa mtaroni hufika kisimani au mtoni. Betri za tochi hazichomwi pamoja na takataka.

Kwa mjadala: Betri ya gari ikifa, mnunuzi wa vyuma chakavu huja nayo ikaondoka kwa fedha taslimu. Je, aliyeiuza anapaswa kujua inakovunjwa, na karibu na watoto wa nani?