Subira Inaishia Wapi?



Mtu akishachukua pesa yako halafu akakupiga kalenda, njoo kesho, njoo Jumatatu, Mkristo avumilie mpaka lini? Na akinyamaza kabisa, hiyo ni fadhila au ni uoga uliovaa rozari?

Wengi wetu tumelelewa na jibu moja: subira yavuta heri. Sibishani na wahenga. Ila nimegundua methali hiyo hupenda sana kumtembelea anayedai, na anayedaiwa haambiwi kitu.

Tuanze na Bwana mwenyewe. Ndiye aliyefundisha kugeuza shavu la pili. Lakini soma Injili ya Yohane sura ya 18: mlinzi anampiga kofi mbele ya kuhani mkuu. Harudishi kofi, wala hakai kimya. Anamwambia kama amesema vibaya aonyeshe ubaya huo, na kama amesema vema, kwa nini anapigwa? Anadai sababu. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliweka uvumilivu chini ya fadhila ya nguvu, ile tuliyoikariri kwenye katekisimu pamoja na busara, haki na kiasi. Akasema pia kwamba kukosa kabisa hasira pale akili inapoona inastahili ni kasoro. Kasoro, jamani! Mimi nilipolisoma hilo nilirudia mara mbili.

Kilichonisukuma huko ni gari. Mjomba wangu alinunua kagari ka umeme kaliokwishatumika Japani, afanyie teksi hapa Dar. Mwanzoni raha tupu: hakuna petroli, hakuna oili. Halafu betri ikachoka. Asubuhi chaji imejaa, abiria wawili tu, imebaki nusu. Tukalipeleka gereji moja, akalipa malipo ya awali, nami nikapewa kazi ya kufuatilia. Mara mashine ya kupimia imeharibika. Mara fundi kasafiri. Mara simu inaita tu. Mwezi wa tatu wakasema betri nzima ibadilishwe, kwa bei inayokaribia ya gari lenyewe. Nikaomba karatasi ya vipimo. Hakuna.

Sasa, betri ya gari la umeme si kitu kimoja kama tofali. Nissan Leaf za mwanzo, kwa mfano, zina betri ya kilowati-saa 24 yenye seli 192 ndani ya moduli 48. Zimeungwa kwa mfuatano, hivyo moduli chache dhaifu zinaweza kuiangusha betri yote, na mwenye kifaa anaweza kuzitafuta na kuzibadilisha hizo tu. Inawezekana pia zote zimezeeka pamoja, maana joto huzeesha betri za namna hii. Lakini bila vipimo utajuaje? Mteja anadai ukweli aliokwishaulipia, haombi hisani.

Tatizo ni hasira imwendee nani. Pale mapokezi yupo dada mmoja, umri wangu hivi. Hajui betri, haamui bei, na kila anayefika anamfokea yeye. Mwenye kuamua hatumwoni. Mambo yamepangwa hivyo, na hapo ndipo nadhani wahubiri wa subira wangetusaidia zaidi: huyu dada anastahili uvumilivu wangu wote, ila mpango uliomweka pale awe ngao haustahili hata kidogo. Yote mawili siku ileile, kwenye kaunta ileile. Ni kazi ngumu kuliko kunyamaza, na ngumu kuliko kufoka.

Inawezekana lakini. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Phoenix, Marekani, jiji lenye joto kali, waliona betri zao zinapungua haraka. Walikusanya magari 12, wakayaendesha na kuandika kila lilipofika, wakaweka matokeo hadharani. Mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ikatangaza dhamana mpya ya uwezo wa betri: ukishuka chini ya vipau 9 kati ya 12 ndani ya miaka 5 au maili 60,000, itashughulikiwa. Hasira yao ilikuwa na namba, na ilikuwa na anwani.

Sisi tumeandika barua moja, ukurasa mmoja, kwa mkurugenzi kwa cheo chake. Tunataka vitu viwili: vipimo vya kila moduli, au pesa irudi. Tumetoa wiki mbili, kisha Tume ya Ushindani, maana kumlinda mlaji nako ni kazi yao. Mjomba alitaka tuongeze matusi kidogo. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, hapana." Akacheka, akatia sahihi.