Je, Mgeni Aulizwe Kama Atakunywa Chai?

Mtu akifika nyumbani kwako, nawe ukamwuliza, "Utakunywa chai?", je, umemkaribisha au umempa nafasi ya kukataa? Swali hili linaonekana dogo, hata la mzaha. Mimi naliona kuwa swali la utu, na kwetu Muhokya limeletwa na birika la umeme.

Muhokya iko kwenye barabara itokayo Kasese kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Ndugu wanaokwenda sokoni au wanaotoka upande wa Kongo hupita hapo, na apitaye hubisha hodi. Chai tuliyoizoea ni ya sufuria: maji, maziwa, majani na tangawizi, vyote pamoja juu ya mafiga. Anayepika hivyo hapimi vikombe. Anapika ya waliopo na ya atakayetokea. Mgeni akiingia, hakuna anayemwuliza kitu. Kikombe kinamfikia akiwa bado anajibu salamu.

Birika la umeme lina tabia nyingine. Halifai kwa maziwa, maana huungua chini na kufurika juu. Ubavuni lina mistari ya kipimo, kwa hiyo mtu huona kabisa anachemsha ya watu wangapi. Lakini kubwa zaidi ni wepesi wake. Lita moja huchemka kwa dakika tatu au nne, basi hakuna sababu ya kuchemsha kabla mgeni hajasema ndiyo. Hapo ndipo swali linapozaliwa. Na kila aliyelelewa kwetu analijua jibu la mgeni mwenye adabu: "Hapana, asante, nimetoka kunywa sasa hivi." Amesafiri tangu alfajiri na koo limemkauka, ila hataki kuwa mzigo. Mwenyeji anaridhika kwa kuwa ameuliza. Wote wawili wametimiza adabu, na mmoja amebaki na kiu.

Sufuria ilikuwa imeamua mapema kwamba mgeni atakunywa. Birika linamtwisha mgeni mwenyewe uamuzi huo, naye akisema ndiyo ni kama ameomba. Kupewa na kuomba si jambo moja, hata kama kikombe ni kile kile.

Mwenzangu mmoja wa darasani alipinga. Kumwuliza mtu, alisema, ni kumheshimu. Pengine ana kisukari, pengine majani ya chai humnyima usingizi. Hoja yake ina nguvu. Hata hivyo, "Nikutilie sukari?" na "Utakunywa chai?" ni maswali mawili tofauti. La kwanza linamjali mtu ambaye tayari amekaribishwa. La pili bado linamsimamisha mlangoni.

Wengine watasema tunauliza ili tusipoteze umeme. Tupige hesabu. Kuchemsha lita moja kunatumia takriban sehemu moja ya kumi ya yuniti. Kwa bei za miaka hii hapa Uganda, hiyo haifiki shilingi mia moja. Ni kweli kwamba tokeni za Yaka huisha wakati mbaya, lakini hazimalizwi na kikombe cha mgeni. Shauri la kuchemsha maji unayohitaji tu lina uzito mkubwa katika nchi zinazozalisha umeme kwa kuchoma makaa ya mawe au gesi. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatokana na maji. Hapa hapa Kasese, Mto Mubuku unaoshuka kutoka Rwenzori unazungusha mitambo, ukiwemo ule wa Bugoye wa megawati 13 uliofunguliwa mwaka 2009. Ubahili uliovaa nguo za kutunza mazingira haunishawishi.

Kuna kisa cha Uingereza ninachokipenda. Tarehe 4 Julai 1990, baada ya Uingereza kutolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, watu waliinuka mbele ya televisheni, wengi wao wakaenda kuwasha mabirika. Mahitaji ya umeme yaliruka kwa megawati 2,800 hivi, kiasi kinachozidi uwezo wa mitambo yote ya Uganda ya leo, Karuma ikiwemo. Mamilioni walitengeneza chai kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa jikoni kwake. Waliokutana ni mafundi wa gridi tu.

Ningeishia hapo, insha hii ingekuwa sifa kwa mafiga, na sifa hiyo ingeficha jambo. Wanaoisifu chai ya sufuria mara nyingi ni wanaume waliokaa sebuleni. Moto ulipulizwa na msichana. Yeye ndiye aliyetafuta kuni, na kwetu kuni ni shida, kwa kuwa tumepakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na si kila mti ni wa kukatwa. Macho yalimwiva kwa moshi, na mazungumzo matamu ya wageni aliyasikia kupitia ukutani. Immanuel Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kutimiza haja za wengine. Ukarimu wetu ulimtumia binti huyo, kisha baba mwenye nyumba akashukuriwa. Bibi yangu, aliyepuliza moto maisha yake yote, sijamsikia akiyalilia mafiga. Siku birika lilipoletwa aliuliza jambo moja tu: kama lina moshi.

Wapo wanaoamini kwamba thamani ya chai ya mgeni ni ile taabu yenyewe. Siwezi kukubali, kwa sababu taabu haikuwa ya anayetoa. Ninavyoona mimi, kilichomfurahisha mgeni ni kukuta ametarajiwa. Na kumtarajia mtu hakuhitaji moshi.

Nyumbani sasa maziwa huchemshwa asubuhi mara moja kwenye jiko la makaa. Birika linachemsha maji hadi mstari wa juu, chai inatengenezwa, inamiminwa ndani ya chupa kubwa ya chai, na chupa inakaa mezani kumsubiri yeyote. Mgeni haulizwi. Bibi analalamika kwamba chai ya chupa inanuka kifuniko, na kwa kweli baada ya saa sita mchana inanuka.

Vikombe bado vinaoshwa na dada yangu peke yake. Nimelileta suala hilo mbele ya kaka zangu, nao wamenijibu kwamba hayo ni mambo ya darasani.