Sherehe na Waliobaki Nyumbani

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapoingia na upepo wa kiangazi ukaanza kutimua vumbi katika uwanda huu wa Rukwa, watu wa Ivuna wenye chochote mfukoni huanza kuulizana habari za safari ya Mbeya, kwa maana ndiko yanakofanyika, katika viwanja vilivyopewa jina la John Mwakangale, maonyesho ya Nane Nane ya Nyanda za Juu Kusini. Na mtu akisema kwamba anakwenda Nane Nane hana haja ya kueleza zaidi, kwani sote twajua kuwa amekusudia matrekta na ng'ombe wa maziwa, vipando vya mahindi na mboga vilivyopaliliwa vikapendeza, mabanda ya halmashauri, ngoma, pembea za watoto, na halaiki ya watu waliovaa nguo zao za kutokea. Sina ugomvi na maonyesho hayo. Mkulima aionaye mbegu kwa macho yake, akaishika na kumwuliza aliyeipanda, hupata elimu ambayo hotuba nyingi haziwezi kumpa, na Sikukuu ya Wakulima, tarehe 8 Agosti, ni miongoni mwa siku chache za taifa letu ambazo jembe hupewa taadhima yake. Jambo lililonikaa moyoni wiki hii nzima lawahusu wale ambao hawakwenda.

Jirani yangu, mtu mwema na mchapakazi ambaye sijapata kumsikia akimdhulumu mtu, alirejea kutoka Mbeya na wanawe wawili wa kiume. Watoto wake ni wanne, na mama yake mzazi anakaa naye. Nilikwenda kumjulia hali jioni, kama ilivyo ada, nikamkuta barazani akiwa bado na bashasha ya safari, na yule mwanawe mkubwa akiwasimulia wenziwe habari za trekta ambalo gurudumu lake lilimpita yeye kimo, na za samaki waliofugwa ndani ya tangi, na za muziki uliokuwa ukipigwa kila upande hata mtu asisikie wimbo mmoja ukaisha.

"Mwalimu," akaniambia baba yao, "mwaka huu palipendeza kwelikweli. Kila mtu alikuja na familia yake."

Nikamwuliza, "Na mama je, hakutamani kwenda?"

"Mama? Mama ni mtu mzima sasa, Mwalimu. Angeona nini kule?"

Mama mwenyewe alikuwa hapo hapo, hatua chache tu kutoka tulipokaa, akipepeta mchele. Hakuinua uso wala hakusema neno. Aliurusha mchele juu, akaudaka kwa ungo, akapuliza makapi, akaurusha tena. Yule kijana alikuwa amemletea mdogo wake wa kike kititia cha plastiki, chekundu na njano, naye binti akakipuliza kikazunguka, akacheka, kisha akanyamaza kidogo na kumwuliza kaka yake: "Kule kulikuwa na watoto wa kike?" Kaka akajibu kwamba walikuwako, tena wengi. Binti hakuuliza tena.

Nami tangu jioni ile sijaacha kulitafakari swali la mtoto yule, ambaye kwa akili yake ndogo alikuwa ametafuta sababu ya yeye kuachwa, na sababu aliyoiona ni kwamba huenda sherehe za mjini hazikuumbwa kwa ajili ya watu wa jinsi yake.

Najua nitakavyojibiwa. Yuko msomaji ambaye tangu aya ya pili amekwisha kukunja uso, na namsikia akisema: Bwana mwandishi, wewe husemi habari ya nauli. Kutoka Ivuna mpaka kuipanda milima na kuifikia barabara kuu iendayo Tunduma, na kutoka hapo mpaka Mbeya, ni gharama. Kulala ni gharama. Kula ni gharama. Na mtoto aliyefika Nane Nane haachi kuomba soda. Wataka mkulima auze gunia la mpunga ili bibi akaone trekta? Hoja hiyo ina uzito wake, nami siidharau, maana nimeishi katika mshahara mdogo na najua jinsi fedha inavyoweza kumnyima mtu hata lile alilolitamani kwa nia njema. Lakini na tuitazame kwa insafu hesabu hiyo ya nauli jinsi ilivyoishia. Ilipoonekana kwamba fedha haitoshi watu wote, wa kwanza kukatwa alikuwa bibi, wa pili na wa tatu wakawa wajukuu wake wa kike. Umaskini wataka watu wapunguzwe, ni kweli, walakini haukumwambia mtu apunguze nani. Lile tulilichagua sisi, na tumelichagua kwa muda mrefu kiasi kwamba mtu mwema aweza kulisema mbele ya mama yake mzazi bila kuhisi kwamba amesema kitu.

Zipo sherehe, katika nchi yetu hii hii na kwa jirani zetu, ambazo mtu angeona haya kuziendesha hivyo. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako kila mwezi wa Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa, ile sikukuu ya mwaka mpya ambayo asili yake yanasibishwa na Nairuzi ya Waajemi, wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba wakiwa wamejipamba, na kila nyumba hupika kwa kumtazamia mgeni, hata ikawa ni unyonge kwa mwenye nyumba kukosa mtu wa kumkaribisha. Kadhalika Lamu, nchini Kenya, ambako Maulidi yaliyokuzwa na Habib Swaleh, yule sharifu aliyeujenga msikiti wa Riyadha, huwatoa watu majumbani wakubwa kwa wadogo: mashindano ya punda, mashindano ya majahazi, wazee wakicheza bao, na watoto katika zafa. Katika miji hiyo hapana aulizaye bibi ataona nini. Bibi ni sehemu ya kile kinachotazamwa. Yeye ndiye ajuaye wimbo, na ndiye amwambiaye kijana kwamba mwaka fulani mambo hayakufanywa hivyo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta ushahidi. Mwenge wa Uhuru, ambao uliwashwa juu ya mlima Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, hukimbizwa kila mwaka katika halmashauri zote za nchi, nao ufikapo huku kwetu wilayani Momba nimeona kwa macho yangu akina mama wazee wakitoka na mikongojo, na wajukuu wakiwa wamewashika mkono, wakasimama kando ya njia tangu asubuhi. Hawakulipa nauli, kwa sababu sherehe iliwafuata. Basi tusidanganyane kwamba watu wazima hawapendi tafrija.

Fikra yangu ni kwamba sherehe yapaswa kupimwa kwa hesabu ya waliobaki nyumbani, kwa kuwa wingi wa waliofika unaweza kumdanganya mtu. Uwanja wa jiji waweza kujaa hata watu wakanyagane, na kila mmoja aliyemo akawa ameacha nyuma yake nusu ya aila yake. Na maadamu jiji liko mbali nasi na litabaki kuwa mbali, dawa ya watu wa Ivuna haiwezi kuwa safari peke yake; sharti tuwe na siku yetu, hapa hapa, ambayo mtu yeyote aweza kuifikia kwa miguu.

Siku ya nini? ataniuliza yule msomaji. Ivuna kuna nini cha kusherehekea?

Kipo kitu ambacho Mbeya haina, wala Dar es Salaam haina. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1938, jiwe lilianguka kutoka mbinguni hapa Ivuna, na vipande vilivyookotwa havikufikia hata kilo moja, yapata gramu 705 tu. Jiwe hilo dogo ni la namna adimu mno, namna ambayo vimondo vyake vilivyopata kuokotwa ulimwenguni kote ni vichache kabisa, na ambayo ukiziacha gesi kama haidrojeni na heli, mchanganyiko wake wakaribiana kuliko wa jiwe lingine lolote na ule wa jua lenyewe, hata wataalamu wa sayari hulitumia kama kipimo cha mata iliyokuwako kabla ya dunia kuumbika. Na kundi zima la vimondo vya namna hiyo, popote vilipoanguka, limepewa jina la Ivuna. Wajapani walipopeleka chombo chao Hayabusa2 kwenye kisayari Ryugu, na kikarejea mwezi wa Desemba 2020 na gramu tano na kidogo za udongo wake, walioupima waliona ya kwamba washabihiana sana na jiwe la kijiji chetu. Kipande cha jiwe hilo kimo katika makumbusho ya London. Watoto wa Ivuna, walio wengi, hawajui hata kwamba lilianguka.

Wenzetu wa Mbozi wameliona hilo mapema. Kimondo chao cha chuma, ambacho kinakisiwa kuwa na uzito wa tani 12 au zaidi, kimekuwa mahali pa kutembelewa na watu, na mwishoni mwa Juni, inapofika siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili ya visayari, pale hufanyika hafla. Siwahusudu. Najiuliza tu kwa nini sisi tumelala.

Fauka ya jiwe, ipo chumvi. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliokuja hapa mwaka 1966 walithibitisha kwamba chumvi ya Ivuna ilikuwa ikitengenezwa tangu yapata karne ya 13, na kazi yenyewe haina siri: udongo wa chumvi hukwanguliwa wakati wa kiangazi, hutiwa katika chombo chenye matundu chini, humiminiwa maji, na yale maji makali yanayochuruzika huchemshwa mpaka yakauke na chumvi ikabaki. Nani ajuaye kuyapima kwa ulimi maji yale, kama yamekolea au bado? Bibi zetu. Katika siku kama hiyo mama wa jirani yangu asingeulizwa ataona nini, angeombwa aonyeshe.

Na siku yetu ikiwa ile ya kuanguka kwa jiwe, kuna atakayesema kwamba Desemba ni mwezi wa mvua, na mwenye akili yuko shambani. Mushkili huo naujua, lakini shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na alasiri moja kati ya Sikukuu ya Uhuru na Krismasi haitamnyima mtu mavuno. Mvua ikinyesha, madarasa yapo. Walimu waeleze jiwe, wazee waonyeshe chumvi, vijana wapige ngoma na kushindana mbio na mpira, wasichana wakiwamo katika kila shindano. Mkulima aliyetoka Nane Nane na mbegu mpya aje aseme jinsi ilivyoota. Serikali ya kijiji itoe uwanja na wazazi wachange chakula kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja. Lakini katika sharti moja mimi sitakubali mjadala: kiingilio kisiwepo, hata cha shilingi mia, maana siku kitakapowekwa, mtu ataanza kuhesabu watoto wake mlangoni, na tunajua atakayerudishwa.