Tajiri na Damu Asiyoimwaga



Huenda nawe, kama mimi, umewahi kutoka Temeke au Kinondoni na chupa ya uji mkononi, ukafika Muhimbili, ukauliza mgonjwa wako kalazwa wapi, ukajibiwa kwa neno moja: "Sewahaji." Ukapanda ngazi, ukamlisha, ukarudi zako. Jina lile limekuwa jina la wodi, na wengi wetu tumesahau kwamba lilikuwa jina la mtu.

Sewa Haji Paroo alizaliwa Unguja mwaka 1851, katika ukoo wa Makhoja wafanyabiashara, na biashara yake ikastawi Bagamoyo. Siku hizo Bagamoyo ndipo bara na bahari zilipokutana. Kutoka ng'ambo zilishuka nguo za merikani, shanga, nyaya, magobori na baruti. Kutoka bara ziliteremka pembe za ndovu, zikavushwa Unguja, zikenda Bombay na London, na nyingine zikafika Marekani zikachongwa vibao vya vinanda vya watoto wa matajiri. Na baina ya pwani na bara hapakuwa na reli wala gari. Farasi na punda waliuawa na ugonjwa wa mbung'o. Palikuwa na kichwa cha mpagazi, basi. Aliyeweza kukusanya wapagazi alikuwa ameshika ufunguo wa nchi.

Sewa Haji aliushika angali kijana. Mwaka 1871 Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone, yeye ndiye aliyemtafutia wapagazi Bagamoyo, na Mzungu yule akamlalamikia sana kitabuni kwa hesabu zake. Baadaye wasafiri, wamisionari na hata Serikali ya Kijerumani, wote walibisha mlango wake.

Hapo ndipo penye swali langu. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilitwaa utawala na ushuru wa pwani, watu wakainuka, Bushiri bin Salim akawa mbele yao. Wissmann akaja mwaka 1889 na askari aliowaandika Misri na Msumbiji, na Desemba ya mwaka ule Bushiri akanyongwa Pangani. Pwani ilipigwa kwa manowari. Lakini manowari haipandi Tabora. Risasi zilizomwendea Isike wa Unyanyembe mwaka 1893, na mizinga iliyopelekwa Kalenga kwa Mkwawa mwaka 1894, vilikwenda kwa miguu ya watu. Sisemi kila mzigo ule ulitoka kwa Sewa Haji. Nasema biashara ya wapagazi, ambayo yeye alikuwa mkubwa wake, ndiyo iliyoipa vita ile miguu.

Mfanyabiashara atajibu: mimi nimeuza na kukodisha tu, sikumtuma mtu kuua, na ningekataa mimi, angeuza mwenzangu. Jawabu hili ni la kale. Imam Bukhari ameweka mlango mahsusi juu ya kuuza silaha wakati wa fitina. Na katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa pwani, kauli mashuhuri ni kwamba kumuuzia zabibu mtu unayejua atazikamua pombe ni haramu, na ukishuku tu ni makruhu. Tazama, msomaji, zabibu ni zile zile. Kinachobadili hukumu ni ujuzi wa muuzaji. Na mtu aliyeishi Bagamoyo akayaona ya mwaka 1888 hakuhitaji mpelelezi wa kumwambia Serikali inapeleka nini bara.

Jirani yangu wa Tandika, mwenye duka la vifaa, alijiwa usiku na kijana aliyegombana na nduguye juu ya mpaka wa kiwanja. Mtaa mzima ulikuwa umesikia. Kijana akataka panga. Jirani akasema, "Sina," na mapanga yananing'inia nyuma yake! Kijana akavuka barabara, akauziwa duka la pili. Mwisho wazee waliwapatanisha, haikumwagika damu. Lakini jirani alikuja kuniuliza kama kukataa kwake kulikuwa na faida yoyote. Nilimwambia kulikuwa na faida kwake yeye.

Turudi kwa marehemu. Alitoa jengo la skuli Bagamoyo kwa sharti lisibague watoto kwa rangi. Alitoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1897, mwaka ule ule aliofariki, ikawatibu Waafrika na Wahindi wakati ile ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Ilitibu watu hadi mwaka 1956, ndipo jina likahamia hapo Muhimbili.

Wako wasemao sadaka hii imefuta yote, na wako wasemao ni ya kujionyesha. Mimi siko na hawa wala wale. Nia yake anaijua Mola wake. Ila haki ya mja hailipwi kwa kumpa mja mwingine: mpagazi aliyeanguka njiani Ugogo, au mjane wa Kalenga, hakufidiwa kwa kitanda kilichowekwa Dar es Salaam. Na kitanda nacho ni cha kweli, kwani shangazi yangu amekilalia majuma mawili, akatoka anatembea. Siku ya mwisho, nilipokuwa nikikunja shuka zake, nilimwombea dua mwenye jina lile, kisha nikawaombea na wapagazi, ambao majina yao sikuyaona mlangoni.