Mwenzako Akinyolewa

Katika rasi ya Yucatán, nchini Meksiko, kuna bandari ndogo iitwayo Sisal. Ndiyo iliyoupa mkonge jina unalojulikana nalo duniani. Mwishoni mwa karne ya 19, watu wa huko waliuita mkonge wao dhahabu ya kijani. Wenye mashamba walijijengea majumba ya fahari kando ya barabara ya Paseo de Montejo mjini Mérida, huku vibarua wa Kimaya wakifungwa mashambani kwa madeni yasiyolipika. Mteja wao mkubwa alikuwa mkulima wa ngano wa Marekani, aliyehitaji kamba za kufungia miganda.

Mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakachipuka mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza na Morogoro. Mkonge wetu ukaingia sokoni kushindana na wa Yucatán. Kisha Marekani ikapata mashine za kuvuna na kupura ngano kwa mkupuo mmoja, zisizohitaji kamba. Mérida ikabaki na majumba, fedha zikahama.

Nasi tukalirithi soko hilo pamoja na jina lake: dhahabu ya kijani. Hatukuuliza kwa nini mwenzetu ameanguka.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Manamba waliletwa kutoka Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mkataji alianza alfajiri kabla jua halijawa kali, akakata majani ya chini, akaondoa mwiba wa ncha na kufunga mafungu. Kwenye korona, yaani mashine ya kuchambua singa kutoka kwenye majani, kilo 100 za majani zilitoa singa zipatazo kilo nne, zikaanikwa kwenye nyaya hadi zikawa nyeupe. Kisha zikafungwa marobota na kupakiwa melini. Sehemu kubwa ilisokotwa ng'ambo, na faida ya kusokota ikabaki huko huko.

Mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000, tukaongoza dunia. Lakini miaka hiyo hiyo viwanda vya nchi tajiri vilikuwa vimeanza kutengeneza kamba za plastiki kwa mafuta ya petroli, na bei ya mkonge ikaporomoka. Mwalimu Nyerere alikuwa akitoa hesabu hii: mwaka 1965, tani 17 na robo za mkonge zilinunua trekta moja. Miaka saba baadaye, trekta ile ile ilitaka zaidi ya tani 40. Mkulima hakuwa amezembea. Jasho lake lilipungua thamani katika ofisi asizozijua.

Makosa yetu nayo yapo. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, usimamizi ukalegea, mikonge mizee haikupandwa upya. Mkonge uliozeeka huchipuza mlingoti mrefu, huchanua mara moja, kisha hufa. Milingoti ikajaa mashambani kama msitu. Kufikia miaka ya 1990, mavuno yalikuwa chini ya tani 40,000 kwa mwaka.

Funzo si kuikimbia biashara ya dunia, maana hakuna nchi iliyotajirika kwa kujifungia ndani. Funzo ni kwamba anayeuza malighafi ya aina moja kwa mteja wa aina moja amemkabidhi mwingine ufunguo wa nyumba yake. Mteja akibadili mashine, mji mzima hulala njaa. Anayesokota kamba ana njia ya kugeukia; anayekata majani hana.

Leo sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi husafirishwa ghafi hadi India na Vietnam, zikabanguliwe na mikono ya wengine, ilhali vijana wa kwetu hawana kazi. Wembe ni ule ule. Ulianzia Yucatán, ukafika Tanga. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ndugu zangu wa kusini, tieni maji sasa, kabla wembe haujafika kichwani.