FUNDISHO: BABA NA MAMA NDANI YA BATO

Masomo: Marko 6:30-32 na Marko 14:3-9



Fundisho hili tunaliandika kwa sababu tuna deni. Ni deni la sisi mashemasi wa parokia yetu hapa Uvira, kwa baba mmoja ambaye tumemzika mwaka huu, na kwa mama aliyebaki. Mama ametupa ruhusa tueleze habari yote, lakini ametuomba tusiandike majina yao. Tumekubali.

Baba na mama hao walifunga ndoa mwaka 1973, wakati inchi yetu ilikuwa inaitwa Zaire. Mwaka 2013 wakatimiza miaka 40. Mtoto wao mmoja alibaki Kigoma tangu wakati wa ukimbizi, anauza ndagala. Yeye na wadogo zake wakachanga feza, wakatuma neno kwa wazazi: "Njoni Kigoma. Tumewakatia tiketi ya Liemba, chumba chenye vitanda viwili. Mtaenda mpaka Mpulungu, katika Zambia, na kurudi. Hamtabeba mzigo, hamtauza kitu. Mtatembea tu."

Wandugu, sisi watu wa hapa tunajua ziwa. Tunavuka kwa kutafuta chakula, kwa kwenda kuzika, kwa kukimbia vita. Wazee hao pia walikuwa wamekwisha kupanda mitumbwi na mabato mara nyingi. Lakini katika maisha yao yote hawakupanda chombo hata mara moja kwa furaha tu. Hiyo ingekuwa mara ya kwanza.

Habari ikafika kwetu, tukamwita baba mbele ya baraza. Wakati ule tulikuwa tunafanya nsinsani kwa mabati ya hekalu. Tukamwambia: "Baba, feza nyingi namna hii kwa kuangalia maji? Maji si yako hapa mlangoni? Na ndani ya bato kuna pombe na muziki. Mambo haya ni ya watu wa dunia. Waambie watoto walete feza ile hapa, nanyi mtapata baraka."

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akatujibu: "Watumishi, mabati yangu nimekwisha kutoa. Mama ndiye sijamtolea kitu."

Sisi tukaona ni jibu la kiburi. Tukaandika katika kitabu cha mkutano kwamba baba ameonywa. Nao wakaenda.

1. MAMBO YALIYOTOKEA NDANI YA BATO

Waliporudi tulimpa baba dakika tatu mwisho wa ibada. Alishukuru Mungu kwa safari njema, akakaa. Hatukuuliza zaidi. Mambo mengine tumeyajua mwaka huu tu, kwa kinywa cha mama mwenyewe, siku za matanga.

Mama alieleza hivi. Mwezi wa kumi wa mwaka 1996, vita ilipoingia Uvira, walikimbia usiku ndani ya mtumbwi wa injini. Watu walikuwa wengi kupita kiasi na maji yalianza kuingia. Mwenye chombo akasema: "Tupeni mizigo, la sivyo tutakufa wote." Baba akashika mashini ya kushona ya mama, akaitupa ndani ya maji. Mashini ile mama aliinunua kwa feza yake mwenyewe, kidogo kidogo, na kwa mashini ile watoto walisoma. Lakini mfuko wa baba, wenye koti na viatu vyake vya siku ya Mungu, ulibaki.

Mama hakusema neno. Walikuwa hai, watoto walikuwa hai, angesema nini? Wakaishi ukimbizini Tanzania. Mwaka 1997 wakarudishwa nyumbani pamoja na wakimbizi wengine wengi, na bato lililowarudisha Uvira lilikuwa Liemba ileile. Wakajenga tena nyumba, wakazaa tena, wakaimba pamoja katika kwaya. Watu wote waliwaona kuwa mfano. Lakini jambo la mashini lilikaa katikati yao kama jiwe ndani ya kiatu. Baba alidhani mama amesahau. Mama alijua kwamba baba hajasahau.

Basi mwaka 2013, usiku wa pili wa safari, Liemba ilisimama mbele ya kijiji kisichokuwa na bandari. Ndiyo ilikuwa desturi yake wakati ule: ilisimama ndani ya maji, ilipiga honi, na mitumbwi ilitoka pwani kuleta watu na mizigo. Wazee walikuwa wamesimama juu wanaangalia. Mama mmoja alikuwa anavutwa kutoka mtumbwini, na kifurushi chake kikaponyoka, karibu kianguke majini. Akalia kwa sauti kubwa mpaka kijana mmoja akakidaka.

Baba aliangalia jambo lile, akashika ukingo wa bato. Kisha akasema: "Mama, usiku ule nilitupa mashini yako, na koti langu nikaliacha. Ilinipasa kukuuliza."

Mama akamjibu: "Neno hilo nimelingoja miaka 17."

Wakaingia chumbani. Chini watu walikuwa wanakunywa na kupiga muziki. Wao wakavua viatu, mama akajifunga kitambaa cha kichwa, wakapiga magoti wakaomba. Mama anasema usiku ule alilala usingizi kama wa mtoto. Asubuhi wakakaa juu pamoja wakaangalia upande wa magharibi milima ya Kongo, mbali, ng'ambo ya maji, na baba akamnunulia chai.

Wamama wakamuuliza kama baba alimnunulia mashini nyingine. Akasema: "Hapana. Macho yangu yalikuwa yamekwisha kuchoka. Lakini tangu siku ile, mbele ya kuuza au kutoa kitu chochote cha nyumba, aliniuliza kwanza, mpaka siku ya kufa kwake."

2. MAFUTA YA INJINI

Tunataka mjue pia habari ya bato lile, kwa maana ndani yake kuna mafundisho.

Liemba ilijengwa Ujerumani, katika mji wa Papenburg, mwaka 1913. Kwa hiyo wazee wetu walipoipanda ilikuwa na miaka 100. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Wajerumani waliifungua vipandevipande, wakavitia katika masanduku kama 5,000, wakavileta kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kutoka pale kwa reli mpaka Kigoma. Ikaungwa tena, ikaingizwa ziwani mwaka 1915 kwa kupigana vita. Ng'ambo yake, kwetu huku, Wabelgiji walikuwa wamekaa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo.

Mwaka 1916 Wajerumani walishindwa, ikawapasa kukimbia. Hawakutaka adui aichukue meli, wakaizamisha wenyewe. Lakini sikilizeni, wandugu. Mbele ya kuizamisha, mafundi walipaka injini zake mafuta mazito kila mahali, kusudi maji yasizile. Walikuwa na tumaini kwamba siku moja itatolewa. Ikakaa chini ya maji. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa, na wakakuta injini bado nzima. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Miaka mingi nyuma yake, ndipo injini zile za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Chombo kilichotumiwa kwa vita ndicho kilichorudisha watu wetu nyumbani mwaka 1997.

Ndoa nyingi katika kanisa letu zimekwisha kuzama. Tusidanganyane. Vita, njaa, kufiwa na watoto, kukosa kazi, mambo haya yamezamisha nyumba hata za watumishi. Nyumba nyingine haitatoka tena, kwa sababu ilizama kavu. Nyingine itatoka, kwa sababu ndani yake kulikuwa mafuta. Mafuta ni nini? Ni kuomba pamoja hata siku mliyogombana. Ni kutotukana mwenzako mbele ya watoto. Ni kutopeleka siri ya chumba kwa majirani. Mama yule alikaa na uchungu miaka 17, lakini hakumsema mume wake kisimani. Baba naye aliona haya miaka 17, lakini hakutafuta mwanamke mwingine wa kumsifu. Siku neno lilipotoka kinywani, injini ilikuwa bado nzima.

Mama mwenyewe alitukumbusha: mashini ya kushona isiyotiwa mafuta inakata uzi. Lakini alisema tena kwamba mafuta peke yake hayashoni nguo. Iko siku ya kukaa na kuzungusha gurudumu. Alitaka kusema kwamba kuvumilia ni vizuri, lakini kuvumilia peke yake hakutoshi. Neno lazima lisemwe.

3. MAKOSA YETU SISI MASHEMASI

Katika Marko 14 tunasoma juu ya mwanamke aliyevunja chupa ya marhamu ya bei kubwa akammiminia Yesu kichwani. Watu waliokaa pale wakakasirika. Wakahesabu bei, zaidi ya dinari 300, wakasema ingefaa kuwapa maskini. Yesu akawakataza kumsumbua, kwa maana alifanya jambo jema, na alilifanya mbele ya siku ya kuzikwa kwake.

Wandugu, siku ile mbele ya baraza tulikuwa watu wale. Tulijua kuhesabu. Hatukujua kwamba Mungu alikuwa anamwandaa baba huyu kuomba msamaha mbele ya kaburi. Kama angetusikiliza, mabati yangeongezeka machache, na baba angelala kaburini na neno lile, na mama angebaki nalo mpaka leo.

Katika Marko 6 mitume walirudi kutoka kazini. Watu walikuwa wengi, wanakuja na kwenda, hata hawakupata nafasi ya kula. Yesu hakuwaongezea kazi. Aliwapandisha ndani ya chombo wakaenda mahali pa kimya wapumzike. Bwana mwenyewe alijua kwamba kuna maneno yasiyosikika katikati ya kelele. Nyumbani kwa wazee wetu kulikuwa kelele: wajukuu, wageni, ugonjwa, michango, mikutano yetu. Miaka 17 hawakupata nafasi. Ndani ya bato waliipata.

4. PAPA SIMON NA MAMA MWILU

Sisi watoto wa Nkamba imetupasa kufahamu jambo hili kuliko wengine. Papa Simon Kimbangu alianza kazi mwezi wa nne wa mwaka 1921. Mwezi wa tisa akakamatwa. Tarehe 3 Oktoba akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa mbali, mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Alikaa gerezani miaka 30, akafa humo tarehe 12 Oktoba 1951. Mama Mwilu alibaki na watoto watatu, akalinda kazi kwa siri, katika mateso. Akafa mwezi wa nne wa mwaka 1959, na serikali ikalikubali kanisa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule.

Hawakupewa miaka 40 ya kukaa pamoja nyumbani. Hawakupewa jioni ya kukaa wawili na kuzungumza habari za zamani. Walitoa hata hiyo kwa ajili yetu. Sisi tuliopewa kukaa nyumba moja, kula sahani moja, tunafanya nini na zawadi ile? Mume anakula amegeuza uso. Mke anajibu kwa kinywa cha mtoto: "Mwambie baba yako." Tunasema tunamheshimu Mama Mwilu, na mama wa nyumba yetu hatujamuuliza neno tangu mwaka jana.

5. TUFANYE NINI?

Hatusemi kila mtu atafute meli. Asiye na feza asiingie deni kwa kuiga. Na anayesafiri akumbuke amri zetu popote alipo, kama wazee wale walivyozikumbuka.

Lakini wababa, mwezi huu chukueni mama mwende naye mahali, hata kutembea jioni kando ya ziwa, bila mzigo kichwani kwake na bila watoto. Ulizeni neno mnaloliogopa. Kila nyumba ina mashini yake iliyo chini ya maji.

Wamama, akianza kusema, msimalizie yeye maneno. Mngojeni.

Watoto mliofanikiwa, msingoje kununua sanduku zuri la maiti. Wapeni wazazi siku ya furaha wakiwa na macho ya kuiona.

Nasi mashemasi, tumekwenda kwa mama, tukamwomba msamaha mbele ya watoto wake. Ametusamehe. Kisha tulifungua kitabu cha mkutano, na chini ya neno lile la mwaka 2013 tumeandika kwamba baba hakuwa na kosa. Tulichelewa, yeye hakulisoma. Ndiyo maana tunawaambia ninyi, msichelewe.

Upendo, Amri, Kazi: tuliyaimba siku zote. Upendo ndio wa kwanza.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, tunakushukuru kwa ajili ya wazee wetu waliokaa pamoja katika taabu. Utusamehe sisi tuliohesabu feza na hatukuona mioyo. Utoe neno lililofungwa ndani ya nyumba zetu mbele ya jua kutua. Umfariji mama mjane, na watu wote wanaolala peke yao usiku huu. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.